Mlio wa Gari la Kalondu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vibanda vya mji wa Salama, na Ndolo, fundi wa umeme wa magari, alikuwa anakusanya vifaa vyake. Gari jeupe likaingia, likasimama mbele yake. Mwenye gari alikuwa mama wa makamo, Kalondu, kutoka Zombe, huko Kitui. Alisema gari linalia. Mlio mwembamba kama wa mbu, usiku na mchana. Ndolo alijiuliza mbona amewapita mafundi wote wa Kitui, lakini hakuuliza. Kazi ni kazi.

"Fundi, unaskia?" mama akanong'ona.

Ndolo alisoma midomo yake, lakini mlio hakuusikia. Miaka ishirini ya honi na grainda ilikuwa imemla masikio. Siri hiyo aliijua mkewe Wavinya peke yake. Fundi akijulikana ni kiziwi, nani atamletea gari?

"Naskia, madam."

Mama akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akauliza mara ya tatu, akimtazama mdomoni.

"Si nimesema naskia."

Mama akashusha pumzi.

Mashine ya kuskani haikuonyesha kosa. Basi wakapatana: Ndolo ajifungie ndani, vioo juu, asikilize. Kalondu asimame mbele, chini ya boneti, achomoe fyuzi moja moja. Mlio ukikatika, Ndolo agonge kioo.

Alipofunga mlango, akausikia.

Mwembamba... safi... Alifurahi kama mtoto. Masikio yamerudi! Fyuzi ya kwanza ikatoka. Mlio ukaendelea. Ya tano. Ya tisa. Ukazidi... na sasa kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Akapaza sauti, akimwambia Kalondu achomoe betri. Dashibodi ikawa nyeusi. Gari lilikuwa limekufa kabisa.

Mlio haukukatika.

Akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akajaribu mwingine, na mwingine. Kitasa hakihitaji betri, hilo alilijua vizuri, na ndilo lililomtia hofu. Akapiga kioo kwa ngumi. Boneti ilimficha mama. Aliona vidole vyake tu, vimetulia.

Kisha mlango ukafunguliwa kutoka nje, kirahisi tu. Kalondu alikuwa analia.

"Huo mlio umenitoka," akasema. "Niliambiwa nitafute mtu akubali anaskia, mara tatu. Mafundi wote wa Kitui walisema hawaskii kitu. Nisamehe, fundi."

Akarudisha betri na fyuzi mwenyewe, akaondoka.

Nyumbani, Wavinya aliweka muthokoi wa mahindi na maharagwe mezani, akaongea. Ndolo aliona mdomo ukicheza tu. Mlio ulikuwa umejaa kichwa kizima.

"Wavinya, unaskia huo mlio?"

Mkewe akamwona alivyojishika masikio, akamhurumia. Akaitikia kwa kichwa, midomo ikasema: naskia.

Mlio ukapungua kidogo.

Kabla hajajizuia, Ndolo akauliza tena. Wavinya akaitikia tena. Sasa alisikia kijiko kikigusa sahani, na maji yakichemka jikoni.

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wavinya akasogea, akamshika bega, akasubiri aulizwe mara ya tatu.