Kilo za Jeruto

Byron Okello alikutwa sakafuni saa mbili asubuhi, kando ya meza yake, katika ofisi ya shirika moja la lishe mtaani West Indies. Alikuwa karani wa takwimu. Kisogo chake kilikuwa kimepondwa kwa jiwe la mizani la kilo tano, lile la kuhakiki mizani kabla ya watoto kupimwa. Jiwe lenyewe lilikuwa limerudishwa kwenye rafu, likiwa bado na damu.

Inspekta Rosebella Omollo alilitazama kwa muda, kisha akaagiza alama za vidole zipelekwe maabara. Muuaji anayerudisha silaha mahali pake amezoea kupanga vyombo, alimwambia Sajini Kipyego. Kipyego akaandika, ingawa hakuonekana kusadiki.

Daktari alikadiria kwamba Byron alifariki saa kumi na mbili jioni iliyotangulia. Hakuna kilichoibwa. Kompyuta ilikuwa bado inawaka, na ilionyesha kwamba dakika kumi kabla ya saa hiyo mtoto mmoja alifutwa kwenye rejista ya watoto wa eneo la Ziwa. Rejista iliyochapwa, iliyokuwa mezani, ilikuwa na watoto arobaini na watatu. Kwenye kompyuta walibaki arobaini na wawili. Aliyekosekana ni Jeruto, wa miaka mitatu. Kwenye karatasi, mstari wake ulikuwa umekwaruzwa kwa ukucha hadi ukakaribia kutoboka, ingawa tarakimu bado zilisomeka.

Hesabu zilimpiga chenga Rosebella tangu shuleni, lakini macho alikuwa nayo. Januari Jeruto alikuwa na kilo tisa na nusu. Februari, tisa nukta mbili. Machi akaruka hadi kumi na moja nukta moja, na tangu hapo kila mwezi uzani wake ulilingana barabara na wastani ulioandikwa chini ya ukurasa. Wengine wanane walikuwa vivyo hivyo. Watoto tisa, miezi sita, na hakuna aliyepungua wala kuzidi wastani huo hata kwa nukta moja.

Akamwita Leonida Aluoch, msimamizi wa Byron.

"Hawa tisa walipimwa na nani?"

"Hawakupimwa, Madam. Hawakuletwa."

"Na hizi kilo?"

"Hiyo ni kawaida ya ofisi. System inakataa nafasi tupu, so tunaijaza na average."

Leonida alimchorea mfano. Watoto watatu wana kilo nane, kumi na mbili na kumi na tatu. Jumla ni thelathini na tatu. Ukigawanya kwa tatu, wastani ni kumi na moja. Wa nne asipoletwa, anaandikiwa kumi na moja, na wastani unabaki uleule. Haina ubaya, alisema, mradi wasioletwa wafanane na walioletwa.

"Na wanafanana?"

Mtoto aliyedhoofika sana hapelekwi kituoni, alisema Leonida. Mama yake anaona haya mbele ya majirani. Waliokosa ndio waliokonda zaidi. Bila wao wastani wa Machi ulipanda, ukavuka kiwango kilichowekwa cha kupewa msaada, na Aprili unga wa uji uliogawiwa na shirika ukasimamishwa Ziwa nzima.

Rosebella akaichukua karatasi. Kusema kweli, habari ya muuaji ilikuwa imemtoka akilini kidogo. Alitaka kwanza awakute wale tisa wakiwa hai.

Walizunguka Ziwa boma kwa boma. Wa kwanza alikuwa mifupa mitupu, lakini alipumua. Wa pili pia. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamewaona wanane, na kila mmoja Rosebella alimshika mkono kabla ya kumpigia alama ya vema.

Wa tisa, Jeruto, alikuwa mtoto wa Mary Chebet, mkamuaji wa ng'ombe. Walimkuta akipanga mikebe ya maziwa kichanjani, mikubwa nyuma, midogo mbele. Hakukimbia. Alijifuta mikono, akawapeleka nyuma ya nyumba bila kuulizwa. Kaburi lilikuwa fupi. Msalaba ulisema Mei.

Sasa ilikuwa mwisho wa Agosti. Rosebella alipiga hesabu ambayo hakutaka kuipiga: Juni, Julai, Agosti, Jeruto alikuwa akiongeza uzani chini ya udongo.

Alimweleza Mary kwamba ana haki ya kunyamaza. Mary akasema amenyamaza tangu Mei.

"Jana jioni ulikuwa ofisini kwa Byron?"

"Nilikuwa, Madam. Nilienda kurudisha card ya kliniki."

"Alikwambia nini?"

"Alinikaribisha vizuri. Akauliza jina la mtoto, akaangalia kompyuta. Akaniambia Jeruto ako na kilo kumi na moja nukta sita, anaendelea poa." Akalitazama kaburi. "Nilifurahi, Madam. Dakika moja hivi, nilifurahi."

"Halafu?"

"Nikamwambia alikufa. Akasema pole, Mama. Akabonyeza, jina likafutika. Nikamuuliza, sasa mmejua, unga utarudi kwa hao wengine?"

"Akajibu?"

"Aliangalia pale chini ya ukurasa. Akasema, 'Usijali, Mama, average haijabadilika.'"

Kipyego aliacha kuandika.

"Ndio nikachukua jiwe," Mary alisema.

Rosebella alimtia pingu kwa sababu ndiyo kazi yake. Moyoni alimchukia yule kijana aliyelala mochari, na aliona aibu kumchukia marehemu.