Mkanda wa Saa Ulionona

Mkanda wa saa ulitoka jasho. Anyosisye aliufuta kwa kitambaa, akauanika kivulini barazani, akageuka kidogo tu, ukalowa tena.

"Joto la Mwaya hilo," alijisemea.

Mwongo mkubwa! Tangu lini joto likanuka utumbo?

Kazi yake ilikuwa kutunza ngozi za Bwana Mdachi: buti, hatamu, na huo mkanda wa saa ya mkononi. Ufundi aliujua, tusimwonee. Futa jasho, kausha mbali na jua, paka mafuta kidogo kwa ncha ya kidole. Ila vita vilifunga njia, kopo la mafuta likaisha, na fundi wetu akafanya ujanja. Kwenye msiba wa Yotamu, mjomba wa mkewe, kijijini Bujonde, alichota mafuta ya ng'ombe wa matanga, akayafunga kwenye jani la mgomba, akaondoka nayo. Na Bujonde nzima inajua: ng'ombe wa msiba humalizwa palepale uani kwa marehemu. Hata mbwa hutafunia mfupa wake hapohapo.

Mchana huo Bwana alikuwa hoi kwa homa. Anyosisye akaivaa saa, akaenda kuringa kisimani. Aliporudi, mkanda ukakataa kuvulika.

"Gwe Tusekile, njoo," alimnong'oneza mkewe.

Tusekile akaziba pua. "Umevaa nini, panya mfu?"

"Mkanda wa Bwana. Nivue, mama, taratibu."

Mkanda ulikuwa wa moto, laini, umenona kama kupe. Tusekile alipovuta, ngozi ya mkono ikavutika nayo, na kwenye matundu ya bizimu ukachuruzika usaha wa manjano wenye mafuta, nzi wakaja, nywele nyeupe zikachipua pembeni, na ndani ya ule unene kitu kikawa kinameza, gudu, gudu, kama mzee anayekunywa uji, na kila kilipomeza vidole vya Anyosisye vikanyauka.

"Mkono wangu, Tuse! Unakwisha!"

"Umeupaka nini?"

"Mafuta... ya ng'ombe wa mjomba."

Askari wa pwani aliyekuwa langoni alichungulia. "Jini hilo," alisema, akatoka mbio na bunduki yake.

Wakakimbilia Bujonde kwa mganga Asegelile. Mzee akaunusa mkono, akacheua.

"Yotamu ana njaa. Ulimpunguzia sahani yake. Nenda uani kwake ukaimalize."

"Nikamalize nini, tata?"

Asegelile akautazama mkanda.

"Una usaha!"

"Basi mwache yeye akumalize wewe."

Uani, mbele ya Veronika, mjane wa Yotamu, aliyegeuza uso, Anyosisye aliinamia mkono wake akauma, mkanda ukapasuka mdomoni kama jipu, akatafuna, nywele zikatambaa ulimini zikitafuta koo, akameza, ukapanda, akaumeza tena pamoja na vilivyopanda navyo, maana Asegelile alisimama juu yake akisema polepole, "Hapa hatutemi," mpaka saa ikadondoka topeni na vidole vikarudiwa na damu, vikachezacheza.

"Umepona, mume wangu!" Tusekile alilia.

Anyosisye aliinua kichwa, akajifuta midevu ambayo hakuwa nayo.

"Veronika, mke wangu," alisema kwa sauti nzito ya kizee, "nyama imebaki?"

Kisha, bila kungoja jibu, akaanza kuulamba mkono wake.