Kikosi cha Darajani

Rafiki yangu muuguzi si mtu wa porojo. Jioni moja ya kiangazi, mabomba yakikohoa hewa tupu, alimpelekea dawa mwanajeshi mstaafu asiyeona. Mzee akamwomba amsomee kitabu cha vita, pale kikosi chake kilipolinda daraja mpaka mto ukawazoa wote, akabaki yeye peke yake.

"Soma, mjukuu wangu. Usinyamaze."

"Babu, nami nina kwangu!" alicheka, akasoma.

Nje, buti nyingi zilikuwa zikipita, mguu kwa mguu, bila kwisha.

Ghafla umeme ukakatika. Akanyamaza.

Buti zikasimama mlangoni.

"Wakisomwa hupita tu," mzee alinong'ona, akilia.

Gizani, maji ya baridi yakapenya chini ya mlango, yakamlowesha muuguzi nyayo.