Gari la Stesheni Halingoji Kujaa

Asubuhi moja mwanamke asiyejulikana alishuka kwenye bodaboda pale steji ya Timau. Alikuwa amevaa buibui na juu yake koti zito, maana asubuhi ya Timau hung'ata masikio. Hakuwa na mzigo. Hakuuliza nauli. Alienda moja kwa moja kwenye matatu ya Kajuju, akachungulia ndani, akatazama kiti kimoja baada ya kingine, kisha akauliza:

"Gari hili la stesheni ya treni, Nanyuki, linaondoka saa ngapi?"

"Likijaa," Kajuju akajibu.

"Na hujaa saa ngapi?"

Kajuju akamkagua kuanzia viatu hadi kichwa. Tangu aanze kazi ya makanga, hakuna abiria aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. "Wewe unasafiri ama unapeleleza?"

Mgeni akatabasamu. Alisema jina lake ni Waris, akaenda kukaa kwenye benchi la muuza chai. Alikaa hapo asubuhi nzima akitazama magari, asipande hata moja.

Steji haikukosa maelezo. Mmoja alisema reli inaletwa mpaka Meru, na huyo ametumwa kupima mashamba. Karibuni nyumba zitachorwa alama nyekundu za kubomolewa. Mwingine alisema ni mtu wa kodi. Lakini Nthiga, dereva wa matatu nyingine, alidai anamjua.

"Huyo ni mpwa wa Burale, yule mwenye mabasi ya Isiolo," alimnong'oneza Kajuju. "Leo anahesabu viti. Kesho utaona basi la mjomba wake limesimama hapo uliposimama."

Kajuju akaligeukia gari lao. Gari lile ndilo lililokuwa shamba lao. Mumewe, Mutwiri, aliuza ekari aliyorithi kwa baba yake ili walinunue. Yeye huendesha, Kajuju hukusanya nauli. Treni ya abiria ilipoanza tena kwenda Nairobi kutoka Nanyuki, walidhani wamepata riziki ya kudumu: kuwachukua wasafiri Timau na kuwafikisha stesheni. Lakini kadiri siku zilivyopita, abiria walizidi kupungua. Gari likishindwa, familia haitakuwa na gari wala shamba.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hakuna abiria aliyetaka kuingia katika gari tupu, kwa sababu anayeingia wa kwanza ndiye anayengoja zaidi. Kwa hiyo watu walisimama pembeni wakichezea simu, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Kajuju naye alikuwa na dawa yake. Siku ya treni aliwalipa vijana wa steji wakae ndani na mabegi mapajani, ili gari lionekane limebakisha viti viwili tu. Abiria wa kweli akiingia, kijana mmoja anashuka, eti anaenda kununua maji. Harudi.

Magari yote yalifanya hivyo, na abiria walishaujua mchezo. Wakiliona gari limejaa, walisema limejaa watu wa uongo. Wakiliona tupu, walisema leo haliondoki.

Siku ya treni iliyofuata, Waris alipanda. Kijana mmoja aitwaye Muthomi, fundi wa mawe anayefanya kazi Nairobi, alikuwa ameingia mapema kuliko wote. Walingoja. Vijana wa mabegi wakashuka mmoja mmoja. Wakangoja tena. Walipofika stesheni, treni ilikuwa imeondoka, na mwanamke mmoja alikuwa akifagia maganda ya ndizi.

Muthomi hakutukana. Alisema tu, akimwita Kajuju kwa jina la mtoto wake, "Mama Maxine, nilikuwa na kazi kesho. Sasa msimamizi atampa mtu mwingine."

Maneno hayo yalimsumbua Kajuju njia yote ya kurudi.

Walipofika Timau, Waris aliomba kuzungumza na Kajuju na mumewe. Waliketi kwa muuza chai. Kajuju alikunja mikono kifuani, hata chai hakuigusa.

"Kwanza tuambie," akasema. "Burale ni mjomba wako ama si mjomba wako?"

"Ni mjomba wangu," Waris akajibu. "Na njia hii anaitaka. Lakini sikutumwa na yeye. Mimi ni wa ofisi ya uchukuzi. Kazi yangu ni mtu wa treni aifikie treni. Nani atamfikisha, hilo ni juu yenu. Nimemwambia mjomba kwamba Timau kuna watu wenye gari wanaoweza kuifanya kazi hii, wakitaka."

Jibu hilo lilimtia Kajuju hofu zaidi kuliko uongo. Lakini alinyanyua kikombe.

Waris alieleza polepole. Abiria wa soko akichelewa, soko bado lipo. Abiria wa treni akichelewa kidogo tu, safari yake imekufa. Kwa hiyo gari la stesheni haliwezi kufuata desturi ya kungoja kujaa. Lazima lifuate treni.

"Huko Maua mmewahi kuona pikapu ya miraa ikingoja ijae?" aliuliza.

"Haiwezi," Mutwiri alisema. "Miraa itanyauka."

"Basi."

Mutwiri akacheka. "Kwa hivyo abiria wetu ni miraa?"

"Si mlimwona Muthomi leo? Alikuwa amenyauka."

Kisha akawaambia la kufanya. Wachague saa maalumu ya kuondoka, yenye nafasi ya kutosha hata tairi likipata pancha njiani. Saa hiyo iandikwe mlangoni, kila mtu aione. Abiria wa uongo waachwe. Na treni inaporudi kutoka Nairobi, gari liwe stesheni likiisubiri, hata kama imechelewa, ili watu wasikwame Nanyuki.

"Na tukikosa abiria?" Mutwiri akauliza.

"Mtaenda watupu. Mwanzoni watu watasimama hapa kuwatazama. Waacheni watazame. Hilo ndilo tangazo lenu."

Nyumbani, akimenya viazi, Kajuju alimwambia mumewe kwamba huo ni mtego. Burale hana haja ya kuwafukuza. Watachoma mafuta yao wenyewe mpaka waishe. Mutwiri akasema kwamba hata sasa wanaisha, ila polepole. Kajuju akakubali kujaribu, lakini alisema macho yake yatakuwa kwa huyo msichana.

Mlangoni pa gari wakaandika kwa rangi nyeupe: TRENI, SAA 12:30 ASUBUHI.

Siku ya kwanza walibeba mama mmoja na kuku wake. Vijana wa steji, waliokosa malipo yao ya kukaa, waliwacheka sana. "Mama Maxine, unapeleka upepo Nanyuki?" Siku iliyofuata mambo hayakuwa tofauti sana. Watu walisimama pembeni na kutazama. Saa ilipofika, gari likaondoka. Wakatazamana.

Kisha asubuhi moja Kajuju alimwona mwalimu wa kike akija mbio kutoka upande wa soko, viatu mkononi. Kajuju alisimama akiwa ameshika mlango, akimwangalia. Hakuna mtu anayekimbilia gari linalongoja kujaa. Huyu alikimbia kwa sababu aliamini litamwacha.

Baada ya hapo walianza kuja: wauguzi, wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa mashamba ya maua. Waliingia bila kutazama nani yumo. Basi la Burale halikuonekana. Wenye magari wengine wawili waliuliza kama wanaweza kupangiana zamu za siku za treni.

Muthomi ndiye aliyechelewa kurudi. Alikuwa amepata kazi kwingine. Aligusa maandishi ya mlangoni kwa kidole.

"Hii saa ni ya kweli ama ni rangi tu?"

"Ni ya kweli," Kajuju akasema. "Hata ukiwa peke yako."

"Tutaona."

Mvua ilipoanza, ilianza kwa nguvu. Siku moja ya treni matope yalifunga njia za mashambani, na watu hawakutoka. Saa ilikaribia. Ndani ya gari alikuwamo Muthomi peke yake.

Hapo likaja kundi la akina mama wa kanisa, wamevaa sare, wanakwenda kwenye ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, ng'ambo ya Nanyuki. Walikuwa wa kujaza gari zima, kwenda na kurudi. Walimngoja mwenyekiti wao tu, ambaye alikuwa bado anavaa.

"Dakika ishirini, Mama Maxine," mmoja akasema. "Haziui mtu."

Mutwiri akazima injini. Akamtazama mkewe. Kajuju aliyajua mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Alimjua pia Nthiga, aliyekuwa ameshafungua mlango wa gari lake ng'ambo ya barabara. Muthomi alifunga zipu ya koti lake, kama mtu anayejiandaa kushuka.

Kajuju akawaomba akina mama radhi. Akawaambia kwamba Nthiga ataweza kuwabeba, na kwamba ni dereva mzuri. Kisha akaingia, akavuta mlango mpaka ukafunga.

"Baba Maxine, saa imefika," akasema. "Twende."

Gari likatoka Timau kwenye mvua, na abiria mmoja ndani.