Kamba ya Makopo

Haya yalimpata rafiki yangu Pantaleo Mponda, wa Kibaoni, Ifakara. Binti yake Restituta alikuwa akisoma York, mji wa kale wa Uingereza ambao Warumi waliuita Eboracum. Tangu Jumatano ya Majivu hakupokea simu, wala hakuna aliyejua aliko.

“Simu utaimaliza wewe, mpunga wataumaliza ndege,” mkewe, Serafina, alimwambia. “Nenda shambani, mzee.”

Pantaleo akaenda, akapanda dunguni, akashika kamba ya makopo ya kufukuzia ndege. Kwa mkono wa pili akafungua tena video ya mwisho ya Restituta.

“Shikamoo baba! Huu ndio ukuta wao. Watu hutoka mbali kuja kutembea juu yake. Huu nao ni mtaa wa mabucha ya zamani, ona nyumba zilivyoinamiana kama walevi wanaoagana. Sasa nashuka chini ya kanisa kuu, kwenye mawe ya Warumi.”

Hatua zikasikika zikishuka, kioo kikajaa giza. Siku zote video iliishia hapo.

Safari hii haikuishia. Mle gizani makopo yalianza kulia.

“Resti!” akaita. “Mwanangu, uko wapi?”

Simu ikazimika. Makopo yakaendelea kulia, sasa shambani, na upepo haukuwapo. Kisha kamba ikamvuta mkono, mara mbili, taratibu, kama Restituta alivyoivuta utotoni, akiwa ng’ambo ya shamba, alipotaka kuletewa maji.