Mayai Sitini ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikwenda chumba cha nyuma kuchungulia mashine ya kutotoleshea vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai sitini ya shangazi yake, mfuga kuku. Taa ya kuyapasha joto iliongozwa na programu aliyoiandika Chiriku mwenyewe kwa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya domo lake, na kweli, programu hiyo alikuwa amejisifia mtaa mzima.

Siku ya nane, alipofungua tu mashine, joto lilimpiga usoni. Nyuzi arobaini na moja! Zilitakiwa thelathini na saba na nusu. Alichomoa waya wa taa.

Alijua kosa ni lake. Wiki iliyopita kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yake kuwa amri za mashine, ilimjazia maonyo kwenye kioo cha kompyuta. Hayakuzuia kazi, yalimkera tu, basi akayazima. Sasa alitamani kusema umeme ulicheza. Nani angejua? Lakini je, kesho taa ikigoma tena kuzimika? Akamfuata shangazi yake.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Nimeyaunguza mayai yako."

Shangazi hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Alimwita jirani yao, fundi wa kompyuta, ambaye alimtania Chiriku kwamba leo kafungwa mdomo, kisha akamwagiza awashe maonyo yote na kuyasoma kwa sauti. La kwanza lilisema namba ya joto huenda ikatumika kabla ya kupewa thamani. Kumbe kifaa cha kupima joto kilipokosa kusoma, programu ilichukua namba yoyote iliyokutwa kwenye kumbukumbu, ikadhani mayai yana baridi na kuiacha taa ikiwaka. Chiriku alirekebisha, akarudia mpaka halikubaki onyo hata moja.

Yakabaki mayai. Shangazi alifunga mapazia, akaweka tochi nyuma ya yai la kwanza. Chiriku alifumba macho.

"Tazama."

Kati ya vishipa vyekundu, kitone cheusi kilitikisika: kifaranga kilikuwa hai. Walipomaliza kuyamulika yote, manne yalikuwa yamekufa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu," shangazi alisema. "Mashine ilikuonyesha ufa, ukaifunga mdomo. Hamsini na sita yamepona kwa kuwa hukunificha. Haya manne, kayafukie wewe."

Chiriku alichukua jembe na yale mayai manne, akatoka.