Kibuyu cha Bi Zulmira

Magharibi nilishuka mtoni kubadilisha maji ya mabeseni. Mume wangu Valdeci alikuwa amevua piaba wengi, na mashua ya wanunuzi wa samaki wa mapambo ilikuwa njiani kutoka mji wa Barcelos. Visamaki hivyo vyekundu vyenye mstari wa buluu hupauka giza likiingia, vyote, hata ungedhani vimekufa.

Mmoja hakupauka.

Alikuwa peke yake ndani ya kibuyu kando ya mabeseni, anawaka kama kaa la moto.

"Jaciara! Huyu umemtoa wapi?" nikamuuliza binti yangu.

"Kanipa Bi Zulmira. Jana."

Bi Zulmira tulimzika asubuhi ile. Miaka yote nilimshuku yule ajuza. Kila mluzi ulipopita usiku juu ya mapaa, na mtu akauahidi tumbaku ili unyamaze, kesho yake yeye ndiye aliyebisha hodi wa kwanza: "Nimefuata ulichoniahidi." Na kwetu, anayekuja kudai ndiye aliyepiga mluzi.

Tena mchawi wa aina hiyo hakati roho mpaka apate mrithi. Huuliza tu: nani anataka? Ndiyo maana sisi wakubwa hatukwenda kumuaga. Tukamsahau mtoto.

"Alikwambiaje, mwanangu?"

"Aliinua kibuyu, akasema, 'Nani anataka?'"

"Na wewe...?"

"Nikasema mimi. Si mzuri, mama?"

Nikammwaga yule samaki mtoni, kibuyu nikakivunja.

"Mwanamke mzima unaogopa piaba!" Valdeci alinicheka tulipokuwa tunakula. Jaciara alishajilaza kwenye machela yake ya kuning'inia, amejifunika gubigubi.

Fiiiii...

Juu ya paa. Harufu ya tumbaku ikajaa nyumba nzima.

Valdeci aliacha kucheka. "Muahidi," akanong'ona.

"Siahidi!"

"Muahidi, hatanyamaza huyo!"

Nilitaka kwenda kumfunua mwanangu. Niliogopa, sikwenda.

"Njoo asubuhi," nikasema, "nitakupa tumbaku."

Mluzi ukakoma.

Alfajiri nilikaa nimeukodolea mlango macho, tumbaku mkononi, namwomba Mungu alete ajuza yeyote, hata Zulmira mwenyewe atoke kaburini. Hakuna aliyebisha hodi.

Nyuma yangu nikasikia nyayo ndogo, zimelowa. Gauni langu likavutwa.

"Mama," Jaciara akanong'ona, "nimefuata ulichoniahidi."

Nikampa. Ningemnyimaje? Ni mwanangu.